Sura ya Tano: Moto Usio na Ndimi

Katika mji wa Split, kwenye pwani ya Kroatia, hufanyika mashindano ya dunia ambayo mshindi wake ni yule anayechelewa. Washiriki huketi mezani na kila mmoja hupewa sigaa moja, zote za aina moja. Wakishaziwasha, kazi inayobaki ni moja tu: kuuweka moto hai kwa muda mrefu kuliko wenzako. Ukikuzimikia, umetoka. Sigaa ambayo mvutaji wa kawaida angeimaliza kwa saa moja hivi, washindi wa Split wameifikisha zaidi ya saa tatu.

Sigaa, kwa asiyeijua, si sigara. Sigara ni tumbaku iliyokatwakatwa ikatiwa ndani ya karatasi. Sigaa ni majani matupu ya tumbaku: yamekusanywa, yakafungwa kwa jani, kisha yakavikwa jani jingine zuri kuliko yote. Hakuna karatasi wala kichungi, na kwa nyingi zinazosokotwa kwa mkono hakuna pia kisu kinachokatakata majani ya ndani. Ndiyo maana nimeichagua sigaa kwa sura hii. Katika sigara, kiwanda kimepanga kasi ya moto. Katika sigaa, moto unapewa jani karibu kama lilivyotoka shambani, na inabidi usome wenyewe.

Nasema usome kwa makusudi. Ukiuliza dukani kwa nini sigaa hii inakimbia kama utambi, ile inazimika kila ukiiweka chini, na hii nyingine inaungua upande mmoja hadi inabaki kama mtumbwi uliochongwa, mara nyingi utajibiwa kwa neno moja: ubora. Jibu hilo halitoshi. Moto unapopita ndani ya jani husoma yote yaliyolipata tangu lilipokuwa kwenye mche, na kila mahali huenda mwendo unaolingana na kilichoandikwa pale.

Tuanze na moto wenyewe, maana huu si moto wa jikoni. Hauna ndimi. Kiswahili kina kitenzi chake, kufukuta, na wachoma mkaa wanakifahamu vizuri kuliko wanakemia wengi. Mchoma mkaa hupanga magogo, akayafunika kwa majani na udongo, akaacha matundu machache ya hewa. Magogo yanapata joto lakini hayapati hewa ya kutosha, kwa hiyo hayateketei. Yanatoa maji, yanatoa moshi, na yanageuka mkaa. Akizidisha matundu, tanuri linashika moto na asubuhi anakuta majivu. Akiyaziba mno, moto unakufa na anakuta magogo mabichi.

Ndani ya sigaa, tanuri na jiko vimekaa pamoja katika upana wa ukucha. Mbele ya kaa, oksijeni ni haba. Pale jani linakauka, linatoa mvuke na moshi, linakuwa mkaa. Kwenye kaa lenyewe, mkaa huo unakutana na hewa na kuteketea, na joto lake ndilo linalokwenda kupika milimita inayofuata. Mkaa unazaliwa na kufa mahali pamoja, tena na tena, hadi kwenye vidole. Watafiti waliopima sigara wamekuta kaa lake likikaribia nyuzi 900 za Selsiasi mtu anapovuta, kisha likipoa anapoacha. Kwa hiyo kasi inategemea mambo matatu: hewa inayolifikia kaa, joto linalopotea njiani, na jani limeumbwa na nini. Udi wa mbu unafuata sheria hizohizo. Unga wake umeshindiliwa hadi hewa ikabaki juu tu, na mzunguko wake ni mwembamba, ndiyo maana unatambaa usiku kucha badala ya kulipuka.

Adui wa kwanza wa joto ni maji. Kuipasha gramu moja ya maji kutoka joto la chumbani hadi ichemke huchukua kalori 75 hivi. Kuigeuza gramu hiyohiyo kuwa mvuke huchukua kalori 540, zaidi ya mara saba. Jani lenye unyevu, basi, linatoza ushuru kila hatua: kabla kaa halijasogea, sharti lilipe gharama ya kuyafukuza maji yaliyo mbele yake. Wafanyabiashara wa sigaa huzitunza ndani ya masanduku ya mbao yenye unyevu wa hewa wa karibu 65 hadi 72 kwa mia. Sigaa iliyokaa kwenye unyevu wa juu kuliko huo inawaka kwa shida, moshi wake mzito, na hudai kuwashwa upya. Iliyokaa kavu inakimbia, kaa lake ni kali, na moshi unachoma ulimi. Anayeacha sigaa mezani Mombasa au Dar es Salaam wakati wa masika, na anayeiacha Dodoma katikati ya kiangazi, baada ya wiki chache watakuwa na vitu viwili tofauti hata kama walinunua sanduku moja wakagawana.

Lakini maji yanaweza kurekebishwa kwa sanduku zuri. Kilichoandikwa shambani hakirekebishiki, na hapo ndipo mambo yananoga.

Twende Cuba, mkoa wa Pinar del Río, magharibi mwa kisiwa, kwenye eneo linaloitwa Vuelta Abajo. Udongo wake ni mwekundu na wa kichanga, na miji ya San Luis na San Juan y Martínez imejulikana kwa tumbaku kwa vizazi vingi. Mche mmoja wa tumbaku pale hauzai jani la aina moja. Majani ya chini yamekulia kivulini, chini ya wenzao. Ni membamba na hayana mafuta mengi. Cuba huyaita volado, na kazi yake kubwa ndani ya sigaa ni kuwaka. Ya katikati ni seco, yenye harufu. Ya juu, yaliyopigwa na jua mchana kutwa, huitwa ligero. Neno hilo kwa Kihispania lina maana ya wepesi, na kwa mgeni linachanganya, maana jani lenyewe ni nene, lina mafuta, lina nikotini nyingi, na moto hulitafuna polepole kuliko yote.

Mchanganyaji wa kiwanda anacheza na majani hayo kama mpishi anavyocheza na kuni. Akiweka volado nyingi, sigaa inawaka bila taabu lakini haina nguvu. Akizidisha ligero, ina nguvu lakini inazimika. Na si kipimo tu, mahali pia. Ligero huwekwa katikati kabisa, likazungukwa na majani mepesi. Pembeni moto unakwenda haraka, katikati unachelewa, na kaa linachongoka kama ncha ya penseli. Ukikung'uta majivu ya sigaa iliyosokotwa vizuri utaiona ncha hiyo. Msokotaji akikosea, ligero likaegemea upande mmoja, upande huo unabaki nyuma na ule wa pili unakimbia. Mtumbwi ule niliousema mwanzo mara nyingi huanzia hapo.

Jani la nje, capa kwa lugha ya Cuba, lina masharti yake. Linalimwa chini ya vitambaa vyepesi vilivyotandazwa juu ya shamba zima ili jua lichujwe, na hivyo jani linakuwa jembamba, laini, lenye mishipa isiyotokeza. Alejandro Robaina, mkulima wa San Luis aliyefariki 2010 akiwa na miaka 91, alipata heshima ya nchi nzima kwa majani ya namna hiyo, hadi chapa ya sigaa ikapewa jina la ukoo wake mwaka 1997. Capa nene au yenye unyevu inabaki nyuma ya majani ya ndani. Moto unachimba handaki katikati huku ganda la nje likiwa zima, na mvutaji anashangaa moshi unatoka lakini sigaa haifupiki.

Baada ya kuchumwa, majani hutundikwa kwenye mabani, yaani mabanda ya kukaushia, yenye upepo kwa wiki kadhaa. Hayakaushwi kwa moto. Katika kufa polepole huko, jani linakula sukari yake lenyewe karibu yote. Kisha majani hulundikwa na kuvundikwa, na kama ndizi zilizovundikwa zinavyopata joto, lundo la tumbaku nalo linapata joto la ndani, amonia inatoka, na vitu vizito vinavunjika. Mkulima wa Tabora atasikia tofauti mara moja. Tumbaku ya mvuke inayolimwa Urambo, Kaliua na Sikonge hukaushwa kwa joto la tanuru kwa siku chache, jani linafungiwa na sukari yake, linabaki la manjano. Hilo ni jani la sigara. Tumbaku ya moshi ya Namtumbo ni nyingine tena. Mmea ni mmoja, ila bani limeubadilisha, na moto utalijua hilo hata kama mvutaji hajui.

Chini ya yote kuna udongo. Katika karne ya 19 viwanda vya tumbaku vya Ufaransa vilikuwa na tatizo la majani mazuri kwa macho yasiyotaka kuwaka. Katika miaka ya 1860 mkemia Théophile Schloesing alilitafutia jawabu kwenye majivu. Tumbaku iliyowaka vizuri iliacha majivu yenye kabonati ya potasiamu. Iliyozimika haikuwa nayo, au ilikuwa nayo kidogo sana. Akaenda hatua moja zaidi, ambayo kwangu ndiyo inayomfanya astahili kukumbukwa: hakuishia kulinganisha, alijaribu. Aliipa tumbaku mbaya chumvi za potasiamu zilizoungana na asidi za mimea, na ikawaka. Alikuwa ameuona mkono uliojificha. Potasiamu husaidia mkaa kushikana na oksijeni katika joto la chini kuliko ambavyo ungehitaji peke yake, kwa hiyo kaa halifi hata mvutaji akisahau.

Klorini hufanya kinyume. Mmea wa tumbaku huinywa kwa pupa kutoka ardhini, na jani lililojaa kloridi linavuta unyevu wa hewa, linakuwa zito na kama limeloa, na moto wake hauishi. Kloridi ikizidi 2 kwa mia ya uzito wa jani kavu, jani hilo kwa kawaida ni la kutupwa kwa upande wa uwakaji. Mashamba yenye chumvi, na maji ya kumwagilia yenye chumvi, yameharibu tumbaku nyingi duniani bila kulitia jani doa hata moja linaloonekana.

Hapa ndipo Tabora na Cuba zinapokutana kweli. Mkulima wa Urambo anaijua mbolea ya NPK 10:18:24. Tarakimu ile ya mwisho, kubwa kuliko zote, ni potasiamu. Potasiamu ya bei rahisi sokoni ni ile iliyoungana na klorini, lakini kwenye tumbaku inatakiwa iliyoungana na salfeti, kwa sababu ile ya klorini ingeupa mmea dawa na sumu katika kijiko kimoja. Wapo wakulima wanaobeba mfuko huo mabegani msimu baada ya msimu, na kukatwa deni lake kwenye malipo, bila mtu kuwaeleza kwa nini isiwe mbolea ya mahindi. Jambo hilo linanikera. Maarifa haya yana zaidi ya miaka 150, na anayeyalipia ndiye wa mwisho kuambiwa.

Madini mengine hayaamui kasi sana, ila yanaacha alama. Magnesiamu hung'arisha majivu yakawa meupe. Ndiyo maana wazee wa Havana huyatazama majivu kabla hawajasema neno juu ya ladha.

Sasa mkono. Msokotaji huitwa torcedor, na vyombo vyake ni ubao, gundi kidogo ya mimea, na chaveta, kisu cha bapa kisicho na mpini. Anashika majani ya ndani, tripa, na kuyakunja moja moja kama vijineli kabla ya kuyafumbata pamoja. Kila kijineli ni njia ya hewa kutoka kwenye kaa hadi mdomoni. Njia ya mkato ni kuyapanga majani kama kurasa za kitabu na kuyakunja mara moja. Inaokoa muda, lakini hewa inapata nafasi zaidi upande mmoja na moto unaifuata. Kisha anafunga kwa capote, jani gumu la katikati, na kuliingiza fundo hilo kwenye kalibu ya mbao lishindiliwe.

Vidole vyake ndivyo matundu ya tanuri. Vikikaza mno, hewa haipiti. Mvutaji anakaza mashavu, kaa linasinzia, sigaa inazimika. Vikilegea, hewa inaingia kama mlango ulioachwa wazi, kaa linapanda joto, na sigaa ya saa moja inaisha kabla ya nusu saa, chungu. Kati ya makosa hayo mawili kuna tofauti ya jani moja, au nusu jani. Viwanda vya Cuba vina mashine ya kunyonya hewa inayopima fundo kabla halijavikwa capa, lakini mashine inapima tu. Anayeweka jani lile moja au kuliondoa ni mtu.

Na mtu huyo, akifanya hivyo, anasikiliza. Mwaka 1865 katika kiwanda cha El Fígaro mjini Havana ulianza utaratibu wa wasokotaji kumlipa mtu awasomee kwa sauti wakiwa kazini: magazeti asubuhi, riwaya baadaye. Msomaji huyo, lector, yupo viwandani hadi leo. Chapa ya Montecristo, iliyoanzishwa 1935, imechukua jina lake kwenye mojawapo ya riwaya hizo, ile ya Alexandre Dumas. Kila ninapofikiria moto unaosoma jani, ninamwona mtu aliyeketi kwenye kiti cha juu akiwasomea watu ambao mikono yao inaamua, wakati huohuo, huo moto utasoma nini.

Umbo ni hesabu tu, nami sitakaa hapo. Unene wa sigaa hupimwa kwa sehemu za 64 za inchi. Lancero, ile nyembamba ndefu ambayo Fidel Castro alizoeleka nayo kabla hajaacha kuvuta mwaka 1985, ina unene wa 38 na urefu wa milimita 192. Robusto ina unene wa 50 na urefu wa milimita 124 tu. Kwa macho, Lancero ndiyo ya kudumu. Lakini uso huongezeka kwa kipeo cha pili cha unene: uso wa kaa la Robusto ni mara 1.7 ya ule wa Lancero, na ukipiga hesabu ya ujazo, ile fupi ina tumbaku zaidi kwa zaidi ya 10 kwa mia. Pafu lilelile likipita kwenye Lancero linapita kwa kasi mara 1.7, juu ya kaa dogo, kwenye tumbaku chache kwa kila milimita. Anayevuta nyembamba kwa mwendo wa nene ataiunguza.

Sigara, niliyoiweka kando, inatuonyesha kasi inavyoweza kuamriwa. Karatasi yake ina chokaa ya kupitisha hewa, na mara nyingi chumvi za sitrati za kusaidia iwake sawasawa. Kwa miongo mingi sigara iliyosahaulika iliendelea kufukuta yenyewe hadi mwisho, na watu waliolala nayo waliteketea vitandani mwao. Mwaka 2004 jimbo la New York lilikuwa la kwanza kudai sigara inayojizima, na nchi za Umoja wa Ulaya zikafuata Novemba 2011. Dawa yake ni mikanda miwili au mitatu ya karatasi nzito isiyopitisha hewa vizuri. Mtu akivuta, kaa linaruka mkanda. Akiacha, kaa linafika pale, linakosa hewa, linakufa. Hiyo ni hekima ya mchoma mkaa anayeziba tundu, imeandikwa kuwa sheria.

Na mwendo wa taratibu wa sigaa usimdanganye mtu. Moshi wa sigaa ni wa upande wa magadi, si wa upande wa asidi kama wa sigara nyingi, kwa hiyo nikotini inaingia mwilini kupitia ngozi laini ya mdomo hata moshi usipomezwa. Sigaa kubwa moja inaweza kubeba tumbaku ya pakiti nzima ya sigara. Saratani za mdomo, koo na umio hazijali saa ngapi umetumia kuimaliza, na chumba kilichokaa na kaa linalofukuta kwa saa tatu kimewavutisha wote waliomo.

Tukirudi Split, hayo yote yameshafanyika kabla washiriki hawajaketi. Mche umelimwa, jani limevundikwa, vidole vimekaza au vimelegeza. Kilichobaki mikononi mwao ni hewa peke yake. Mvutaji wa kawaida huvuta kama mara moja kwa dakika, na kila pafu linapeleka oksijeni inayolisukuma kaa mbele. Mshindani anatoa kiasi kidogo kabisa kinachozuia kifo. Hayakung'uti majivu ovyo, maana majivu marefu ni blanketi: yanahifadhi joto na kupunguza hewa kwa pamoja. Uzi wa moshi unaotoka kwenye ncha ndio anaoutazama. Ukiwa mnene anasubiri. Ukianza kukatikakatika, anainua sigaa, anavuta kidogo sana, kaa lililofifia ndani ya kijivu linarudi jekundu, na anaiweka tena mezani.